USIFUNGUE HIYO KAMERA! Ya mzee wako inaweza kuwa na siri tumboni

MPENZI msomaji, wiki hii tuwaache kwanza wasanii na ndoa zao wapumue. Tuingie chumbani kwa mzee wako, tupande kwenye kiti, tuteremshe lile begi jeusi lililo juu ya kabati, ambalo tangu uko mdogo ulikuwa unaambiwa “usiguse!” Humo ndani kuna kamera. Na kama wewe ni mtoto wa mjini kama mimi, kitu cha kwanza kukujia kichwani ni: hii nauza shilingi ngapi?

Subiri kwanza. Usiuze. Na kabla ya yote, usifungue!

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo nililolishuhudia kwa macho yangu Kariakoo, kwenye meza ya fundi mmoja mzee anayetengeneza saa na kamera. Nilikuwa nimekaa pale nasubiri saa yangu. Mara akaingia kijana wa miaka ishirini na ushee, anahema, kitu kimefungwa kwenye fulana kuukuu.

“Shikamoo mzee. Naomba unifungulie hii kamera, imegoma. Kuna dalali hapo nje anataka kuona ndani ndo atoe hela.”

“Marahaba mwanangu. Umeivuta kwa nguvu?”

“Nimevuta hiki kidude cha juu mpaka vidole vinauma. Hakitoki.”

“Alhamdulillahi,” akasema fundi, akaipokea kamera kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. “Ya nani hii?”

“Ya marehemu baba. Alikuwa anapiga picha za harusi na kipaimara. Alifariki 2009. Nyumbani picha zimejaa, ila zote yeye hayumo. Mpigaji ni yeye, sasa angejipigaje?”

Hela aliyoahidiwa na dalali, ndugu zangu, ilikuwa ya kununulia kitochi na vocha. Basi.

KAMERA INAONGEA, WE UNAJUA KUSIKILIZA?

Fundi hakufungua chochote. Aliisoma ile kamera kama mtu anayesoma barua. Kwanza akatazama kijidirisha kidogo cha juu upande wa kulia, penye tarakimu. Mshale ulikuwa umesimama kwenye 22.

“Kamera hii ukifungua mgongo wake, hesabu inarudi yenyewe mwanzo, kwenye herufi S. Sasa hapa tuna 22. Maana yake tangu baba yako alipoifunga, hakuna aliyeifungua.”

Akaigeuza. Nyuma, kwenye mgongo, kuna kifremu kidogo cha kuchomekea kipande cha boksi la filamu ili mpiga picha asisahau ameweka nini. Kipande kilikuwepo, kimefifia, lakini kinasomeka: 200, picha 36.

Akashika kile kidude cha juu kushoto, akainua kikono chake kidogo, akakizungusha taratibu kufuata mshale. Kikazunguka kidogo, kisha kikakaza. Kingekuwa kitupu kingezunguka bure kama pia.

“Kuna filamu humu, mwanangu. Picha 22 za baba yako. Ungefungua, jua lingezifuta zote hapo hapo.”

Kijana akakaa chini. Mimi mwenyewe nikajikuta nimesimama.

Kwa nini haikufunguka wakati dogo amevuta kwa nguvu zake zote? Hapa ndipo utamu wa kitu kilichotengenezwa kwa akili unapoanza. Kwenye kamera hiyo, kuvuta kidude cha juu peke yake hakutoshi. Kuna kikufuli kidogo pembeni yake, lazima ukisukume kwanza kwa kidole huku unavuta. Vitendo viwili, vidole viwili, nia moja. Mtu mwenye pupa hafungui.

“Wajapani walijua dunia ina watu wenye haraka kama wewe,” fundi akamtania.

YENYEWE NI NANI?

Kamera hiyo ni Nikon FM2. Ilitoka Japani mwaka 1982 na iliendelea kutengenezwa mpaka 2001. Ukiitoa lenzi ina uzito wa gramu 540 hivi, yaani kama nusu kilo ya sukari, lakini mkononi inatulia. Haiteteremi.

Ilipotoka ilikuwa na kitu ambacho wapinzani wake hawakuwa nacho: spidi ya 1/4000. Chukua sekunde moja, ikatekate vipande elfu nne, chukua kimoja. Kwa muda huo shata inafunguka na kufungwa, na haitumii umeme hata chembe. Ni springi na meno ya chuma tu. Ili zile bapa za shata ziweze kukimbia hivyo bila kujivunja, Nikon walizitengeneza kwa titani, chuma chepesi na kigumu, wakazichonga mchoro kama sega la nyuki ili zizidi kuwa nyepesi. Baadaye wakahamia kwenye aluminiamu.

Pengine umewahi kuona ile picha ya msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani, ushungi mwekundu umechakaa, anakutazama kama anakudai. Steve McCurry wa Marekani aliipiga Desemba 1984 kwenye kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistan. Ilitoka kwenye jalada la National Geographic Juni 1985 na dunia nzima ikaijua. Kamera aliyoishika ilikuwa FM2, na lenzi Nikkor ya milimita 105. Kamera ya aina ile ile iliyotaka kuuzwa Kariakoo kwa bei ya kitochi!

Na ukoo wake ni mrefu. Zamani kamera ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, mpigaji anajifunika kitambaa cheusi kama mganga. Kule Wetzlar, Ujerumani, bwana mmoja aitwaye Oskar Barnack wa kiwanda cha Ernst Leitz alichukua filamu ya sinema, akatengeneza kamera ndogo ya kukaa kiganjani. Mwaka 1914 alikuwa nayo ya majaribio, na mwaka 1925 ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya Leipzig kwa jina la Leica. Picha yake ilikuwa na milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho hicho ndicho cha filamu ya FM2, na ndicho mafundi wa kamera za dijitali wanachokiita “fulu fremu” mpaka leo. Mzee Barnack bado anatesa.

SHIKA HIVI, SIYO HIVYO

Kijana hakuwa anajua hata kuishika. Alikuwa anaibana kwa ncha za vidole, kama simu.

“Kushoto weka kiganja chini ya lenzi,” fundi akamwelekeza, “kama umebeba bakuli la uji wa moto. Viwiko vibane mbavuni. Sasa wewe ndo stendi.”

Jaribu na wewe siku ukiipata. Utagundua kwamba aliyechora kamera hiyo aliuwaza mkono wako kabla ya kuwaza kitu kingine. Kidole gumba cha kulia kinaangukia kwenye mkono wa kuvutia filamu. Ukiuchomoa kidogo tu, kamera inatoka kwenye usalama wake na kitufe kinakubali. Ukiurudisha ndani, kitufe kinajifunga, hata ikibanwa kwenye begi haitapiga. Hakuna swichi ya kuwasha, hakuna taa ya kukukaribisha. Mkono wenyewe ndio swichi.

Kidole cha shahada kinalala kwenye kitufe. Bonyeza nusu, kipima mwanga kinaamka. Ndani ya kijidirisha cha kuchungulia utaona alama tatu tu nyekundu: jumlisha, duara na toa. Mwanga umezidi, uko sawa, au umepungua. Pembeni unasoma spidi uliyoweka, na juu, kupitia kijitundu kidogo, unasoma tarakimu iliyochorwa kwenye lenzi yenyewe. Yaani ile tarakimu haijaandikwa na kompyuta. Ni rangi iliyopakwa kwenye chuma, wewe unaichungulia. Habari zote unazohitaji ziko humo, na wala hazizibi sura ya mtu unayempiga.

Katikati kuna duara dogo lililokatwa kati kwa mstari. Elekeza kwenye ukingo wa mlango au kwenye jicho la mtu. Kama nusu ya juu na nusu ya chini zimeachana, bado. Zungusha lenzi mpaka zikutane. Zikikutana, ndo hapo. Hakuna mlio wa “pii” wa kukuambia uko sawa. Jicho lako ndilo linaloamua.

Kisha bonyeza. Klak! Sauti kavu, ya chuma, haina mzaha. Halafu gumba linavuta filamu inayofuata, na meno ndani yanaongea krrrk. Hapo ndipo unapokumbuka kwamba zimebaki 35. Halafu 34.

Hiyo hesabu ndiyo inayobadilisha mtu, msomaji wangu. Kwenye simu unapiga sahani ya chipsi mayai mara kumi na moja, na hutaziangalia tena mpaka simu iseme imejaa. Kwenye filamu ya 36 unamwangalia bibi yako kwanza. Unamsogeza karibu na dirisha. Unasubiri asahau kwamba una kamera. Ndipo unabonyeza, mara moja. Kamera haikukatazi kukosea, ila inakufanya ukosee kwa hiari yako.

LENZI NAYO INA MANENO

Lenzi ya kijana ilikuwa Nikkor ya milimita 50. Izungushe pete ya tundu: tk, tk, tk. Kila mlio ni hatua. Ukifungua hatua moja, mwanga unaoingia unazidi mara mbili. Ukifunga hatua moja, unapungua nusu. Na ile duara ya spidi juu ya kamera inafanya hivyo hivyo: kutoka 250 kwenda 500, mwanga umepungua nusu. Kwa hiyo unaweza kubadilishana kama mtu wa maduhuli: huku umetoa moja, huku umeongeza moja, mahesabu yako palepale.

Hebu tuone mfano wa hapa hapa Bongo. Saa saba mchana, jua la Kivukoni linachoma utosi. Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha: kwenye jua kali weka tundu f/16, na spidi weka tarakimu iliyo karibu na ya filamu. Filamu ya 200, spidi 1/250. Umemaliza. Hakuna betri, hakuna kipimo, na picha inatoka.

Sasa tuseme unataka kumpiga mrembo wako, nyuma ya mgongo wake kule feri pawe ukungu mtupu, yeye peke yake ndiye aonekane. Lazima ufungue tundu. Twende pamoja: f/11 kwa 1/500, f/8 kwa 1/1000, f/5.6 kwa 1/2000, f/4 kwa 1/4000. Umeona? Kamera inayoishia 1/1000 ingekuachia f/8 katika jua hilo. FM2 inakufikisha f/4. Ile spidi si ya kujionyesha kwa washkaji. Kwenye jua la pwani, ndiyo inayokupa nafasi ya kuchagua.

Na kuna kitu kingine kwenye Nikkor hizi ambacho wengi wanadhani ni urembo. Tarakimu za tundu zimepakwa rangi mbalimbali, na karibu na kipimo cha umbali kuna vijistari vya rangi hizo hizo, viwili viwili. Chukua rangi ya 11, tafuta vistari vyake viwili: kimoja kinakuonyesha kitakachoonekana vizuri kinaanzia wapi, kingine kinakomea wapi. Kwa lenzi ya 50, ukiweka f/11 na umbali wa mita 3, kila kilichopo kuanzia mita mbili na kidogo mpaka karibu mita tano kitaonekana safi. Watoto wakiwa wanakimbizana uani huna haja ya kuwafukuza na lenzi. Unaweka, unasubiri waingie, unabonyeza. Ramani yote imechorwa kwenye pete moja ya chuma.

BETRI IKIFA JE?

FM2 ina betri mbili ndogo kama za saa. Kazi yake ni moja tu, kuwasha kipima mwanga. Zikifa, kamera yote inaendelea kufanya kazi, kila spidi. Hii ya kijana wetu betri zilikufa siku nyingi, ila shata bado ingeitika kila ikiguswa.

Siyo zote ziko hivyo. Canon AE-1 ya mwaka 1976 ni kamera nzuri tu, na inaheshimika kwa kuwa ya kwanza ya aina yake kuwa na kijikompyuta ndani. Lakini betri ikiisha, shata haifyatuki. Unabaki na pambo la mezani. Kwa hiyo ukikuta AE-1 “mbovu” usiitupe. Weka betri mpya kwanza, inaweza ikakushangaza.

Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, nayo ni ya chuma na springi kama FM2, ila ya kawaida zaidi. Haina hata swichi ya kipima mwanga: unazima kwa kufunika lenzi na kifuniko chake! Watu wengi duniani wamejifunzia picha humo, maana haina pa kujificha.

Na usidhani mapenzi haya ni ushamba wa wazee. Mwaka 2023 Nikon walitoa kamera ya dijitali iitwayo Zf, wakairudishia sura ya FM2 na duara zake za kuzungusha juu. Mwaka 2024 Pentax wakatoa kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, yenye mkono wa kuvuta kwa gumba. Watu waliochoka kugusa kioo kitupu wanataka tena kitu chenye meno.

KABLA HUJATOA HELA YAKO

Sasa wewe uliyeanza kutafuta kwa madalali, hebu chukua haya ya fundi, bure:

Kwanza, zungusha kile kikono cha kushoto juu. Kikikaza, kuna filamu. Usifungue!

Pili, toa lenzi, itazame ukiielekeza kwenye mwanga. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Hapa pwani, kwa unyevu wetu, ndiye adui namba moja. Ikiwa kidogo husafishwa. Ikiwa imekula kioo, iache hapo hapo.

Tatu, angalia vile vijibapa vya tundu. Viwe vikavu, na viruke haraka. Vikiwa na mafuta vinakwenda kwa uvivu, na picha zako zitaungua kwa mwanga.

Nne, kama haina filamu, fungua nyuma na ufyatue kwa spidi ya sekunde moja. Hesabu moyoni. Kisha panda taratibu hadi ya juu kabisa. Usiguse bapa za shata kwa kidole hata kwa bahati mbaya, ni nyembamba kuliko unavyodhani.

Tano, gusa vipande vya sponji kwenye ukingo wa mfuniko. Vikinata kama lami, mwanga utapenya. Si ugonjwa mkubwa, vinabadilishwa.

Sita, chungulia chumba cha betri. Ukijani maana yake betri ilivuja.

Na ukishaipata, itoe kwenye lile begi la ngozi. Ngozi inatunza unyevu, na unyevu unalea kuvu. Iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kisha itumie. Kamera inayokaa bila kufyatuliwa, mafuta yake yanaganda.

TURUDI KARIAKOO

Dalali alichungulia mlangoni mara mbili akaondoka na hela yake. Kijana hakumwangalia hata usoni.

Fundi alibonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, kile kinachoiachia filamu irudi, akaanza kuzungusha kikono. Taratibu mno. Alisema filamu iliyokaa miaka yote hiyo inaweza kukatika. Mimi nilikuwa nasikia mlio wake mwembamba mpaka kikono kikalegea ghafla. Ndipo akasukuma kikufuli, akavuta, mgongo ukafunguka kirahisi, kama mlango wa nyumba ambayo una ufunguo wake.

“Hii ni ya rangi,” akasema. “Lakini kwa umri wake rangi zitakuwa zimevurugika. Tuisafishe kwa dawa ya nyeusi na nyeupe. Tutapoteza rangi, tunaweza tukapata watu.”

Filamu ya rangi inakubali dawa hiyo, na kwa filamu iliyozeeka mara nyingi ndiyo njia ya salama zaidi. Akaingiza mikono kwenye mfuko mweusi usiopitisha mwanga, akaifunga filamu kwenye tanki kwa kupapasa tu, macho ameyafumba. Dawa, maji, dawa, maji. Hakutaka tuongee.

Ilipotoka ilikuwa na utando wa kahawia. Kijana akawasha simu yake, akaweka kioo cheupe kabisa, tukailaza filamu juu yake. Mimi nikachukua yangu, nikageuza rangi kwenye kamera ili cheusi kiwe cheupe na cheupe kiwe cheusi. Tukaanza kutazama moja baada ya moja, vichwa vitatu vimegongana.

Picha 14 zilikuwa ukungu mtupu. Hakuna kitu. Nane zikaonekana.

Bwana harusi anafuta jasho. Basi dogo limekwama kwenye tope. Mama anakaanga vitumbua barazani, anacheka, amejiziba mdomo kwa kanga. Binti mwenye sare za shule. “Huyo dada yangu,” kijana akasema. “Yuko Mwanza sasa, ana watoto wawili.”

Ya mwisho ilikuwa ya 22.

Mbele ya FM2, pembeni ya lenzi, kuna kijikono kidogo. Ukikishusha na kubonyeza, kinaanza kurudi taratibu huku kinalia kri-kri-kri kama saa ya mezani. Una sekunde kumi hivi za kukimbia kutoka nyuma ya kamera kwenda mbele yake.

Kwenye picha ya 22 kuna mkeka. Mama amekaa. Dada yupo. Katikati kuna mtoto wa kiume wa miaka saba au nane, pengo la meno ya mbele, anatazama pembeni badala ya kutazama kamera. Anamtazama mtu anayekuja. Na mtu huyo yumo, kashuka nusu, goti moja halijafika chini, mkono umenyooka kumfikia mtoto, sura imetikisika kidogo kwa sababu sekunde kumi hazikumtosha. Lakini anacheka, na unamwona kabisa.

Kijana hakusema kitu kwa muda mrefu. Fundi naye akajifanya anatafuta bisibisi.

Kamera haikuuzwa. Niliporudi wiki iliyofuata kuchukua saa yangu, ambayo nilikuwa nimeisahau pale pale mezani kwa yale niliyoyaona, nilimkuta kijana kakaa kwenye kigoda anaweka filamu mpya. Amechomeka kipande cha boksi nyuma, kwenye kile kifremu. Alikuwa anafanya mazoezi: kushoto chini ya lenzi, viwiko mbavuni. Fundi amemwambia aje kila Jumamosi, amfundishe na kutengeneza, maana yeye hana mwanafunzi na macho yanaanza kumgomea.

“Picha ya kwanza utampiga nani?” nikamuuliza.

“Mama. Akikaanga vitumbua,” akajibu. “Ya mwisho naiweka kwa kri-kri.”

Haya msomaji wangu, nenda kapande kiti, teremsha lile begi. Zungusha kile kikono kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.